Ati wito ni wa mapadre na masista tu? Hebu turudi bandarini, mwaka 1936

Wadau wangu, posti ya leo ni ndefu. Mwenye haraka apite, arudi jioni akishakula.

Kila mwaka, Jumapili ya nne ya Pasaka, kanisani tunaombea miito. Injili ni ile ya Mchungaji Mwema na ombi huwa lile lile: Bwana atutumie mapadre na watawa. Mwaka huu misa ilipokwisha nilikutana mlangoni na mama mmoja wa Jumuiya yetu hapa Mkomani, mama anayenijua tangu nikivaa kaptula. Anajua niliacha chuo mwaka wa pili. Anajua sijaoa, sina kazi ya ofisi, na kwamba simu ndiyo jembe langu. Akanishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, wewe kanisani hukosi. Mbona usiende seminari? Au huna wito?"

Nikamjibu, "Niombee tu, mama." Nikacheka, tukaachana. Lakini lile swali la mwisho nililibeba mpaka nyumbani. Au huna wito. Yaani ukiwa kijana Mkatoliki na hujaenda seminari wala utawani, basi hesabu yako imeshafungwa, wewe ni wa kukaa benchini, kutoa sadaka na kuimba kwaya. Na ukweli ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuamini hivyo. Mtu aliyeacha chuo huzoea haraka kujiona kama abiria aliyeachwa na gari, kila gari.

Basi nikafanya ninachofanya kila nikisumbuliwa na jambo. Nikaingia kwenye historia.

Sisi watu wa Mkomani historia tunaiona kwa macho. Simama upande wa English Point, tazama ng'ambo ya maji, pale ni Mji wa Kale, na pale ni Fort Jesus. Wengi mkitajiwa Wakatoliki wa zamani wa Mombasa mnakimbilia huko, mwaka 1631, na mna haki. Sultani Yusuf bin Hasan alilelewa Goa na mapadre Waaugustino, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, kisha akarudishwa huku kutawala chini ya Mreno. Baba yake alikuwa ameuawa mwaka 1614 kwa njama ya Wareno hao hao. Tarehe 16 Agosti 1631 Yusuf aliingia ngomeni, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, akarudi kwenye Uislamu, na siku zilizofuata Wakristo waliokataa kuikana dini yao waliuawa. Mapadre walikuwa wachache tu. Waliobaki, Wareno na Waafrika, wanaume kwa wanawake, walikuwa watu wa kawaida wenye nyumba na watoto. Mwaka uliofuata Kanisa kule Goa lilianza kukusanya ushahidi wa kiapo juu ya vifo vyao. (Na tafadhali, hii si posti ya kuchochea majirani. Ukisoma alivyofanyiwa baba yake Yusuf utaelewa ile hasira ilitoka wapi.)

Uganda ni hadithi hiyo hiyo. Wale mashahidi 22 Wakatoliki ambao Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, tafuta padre kati yao. Hayupo hata mmoja. Kuna vijana wahudumu wa ikulu ya Kabaka, kuna Andrea Kaggwa aliyekuwa mkuu wa bendi ya mfalme, kuna Kizito aliyekuwa mtoto tu. Tunawaimba kila tarehe 3 Juni na bado tunasema wito ni wa wenye kanzu.

Lakini mashahidi wana shida moja kwetu sisi. Hadithi yao inaishia motoni au kwenye upanga, na mimi Jumatatu asubuhi hakuna anayeniwekea upanga shingoni. Kuna tokeni za stima, kuna nauli, kuna mzee nyumbani anayeuliza nitarudi chuo lini. Nilitaka mlei aliyeishi. Mtu aliyehangaika kujua Mungu anamtaka wapi, akakosa jibu alilolitaka, akaendelea. Nikampata, na kumbe alishukia hapa hapa Mombasa.

Ni Novemba 1936. Meli kutoka Uingereza inafika, na kati ya abiria anashuka mwanamke Mwairishi wa miaka 29, mwembamba, kifua kikuu kimeshamla mapafu. Hana shela ya kitawa. Hana mume. Hakutumwa na serikali wala shirika la masista. Ametumwa na kundi la walei wa Dublin liitwalo Lejio ya Maria, aje aanzishe makundi kama hayo Afrika Mashariki yote. Jina lake Edel Quinn.

Alizaliwa tarehe 14 Septemba 1907 mjini Kanturk, jimbo la Cork. Baba yake alikuwa mtu wa benki. Edel alipelekwa shule ya bweni Uingereza, halafu pesa za nyumbani zikaharibika, ikabidi atolewe shule. Akasomea ukarani, akaenda kazi Dublin kusaidia familia. Nilipofika hapo nilisoma sentensi hiyo mara mbili, mtanielewa kwa nini.

Ofisini kwake bosi alikuwa Mfaransa mwenye biashara ya vigae. Bosi akampenda, akamposa. Edel akamwambia samahani, ameshaamua kuingia utawani. Alitaka kwenda kwa Waklara, wale watawa wa Mtakatifu Klara wanaofunga mlango na kuishi ndani kwa sala, ukiingia hutoki. Uamuzi ulikuwa umefika, lakini familia ilikuwa bado inategemea mshahara wake, kwa hivyo akasubiri. Miaka ikapita. Mwaka 1932 siku ya kuingia ilikuwa imekaribia kabisa. Akaanza kutema damu. Kifua kikuu, na wakati huo hakukuwa na dawa ya kukiponya. Akalazwa hospitali ya wagonjwa wa kifua kwa karibu mwaka na nusu, kisha akatoka, hajapona, kwa sababu hakutaka kuendelea kuwa gharama kwa watu wake. Mlango wa Waklara ukawa umefungwa.

Hapa ndipo hadithi yake husimuliwa kwa namna inayoniudhi. Nimeisikia hivi: alinyimwa utawa, basi Mungu akampa ulei kama kifuta jasho. Kama vile ukikosa nafasi ya udaktari unapewa kozi nyingine yoyote iliyobaki. Ukiisimulia hivyo, umeshasema mlei ni mtu aliyekosa.

Lakini tazama mpangilio wa matukio. Edel aliingia Lejio miaka kadhaa kabla ya kuugua. Akiwa bado karani, akiwa bado anasubiri utawa, kila jioni alikuwa na kazi. Alikabidhiwa kuongoza kundi lililokuwa likiwatembelea wanawake waliojiuza mitaani Dublin, kwenye nyumba walimolala. Wengine walilalamika kwamba msichana mdogo hivi hafai kazi ile. Akaifanya. Maana yake ni kwamba wito ambao baadaye ulimleta Mombasa alikuwa ameshauishi kwa miaka huku macho yake yakiangalia kwingine, akidhani anasubiri wito uanze.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote ya leo, nimeisema mapema ili msiniulize mwisho.

Sasa hii Lejio ni kitu gani, kwa wale wasioijua? Ilianza Dublin tarehe 7 Septemba 1921. Mwanzilishi wake, Frank Duff, alikuwa mfanyakazi wa serikali, mlei, hakuoa, wala hakuwa padre mpaka kufa. Kundi la kwanza lilikuwa la wanawake, wengi wao vijana, waliokutana wakapanga kwenda wawili wawili kuwatembelea wagonjwa hospitali ya maskini. Basi. Hawakuanza na katiba ya kurasa mia. Mpaka leo ukiingia mkutano wa Lejio parokiani utakuta meza, sanamu ya Mama Maria, mishumaa miwili na maua. Watasali rozari, watasoma kumbukumbu za mkutano uliopita, halafu kila mmoja atatoa ripoti ya kazi yake ya wiki. Ulimtembelea nani? Ulienda na nani? Mlizungumza nini? Mfuko wa sadaka unapita kwa siri, hakuna anayejua mwenzake ametia ngapi. Na kitu ambacho kilinishangaza, wanapomtembelea mgonjwa au maskini hawaruhusiwi kugawa pesa wala unga. Wanapeleka nafsi yao tu. Kwa mji kama wetu, ambapo kila anayekuja na kamera hugawa unga na kupiga picha (na mimi nimo, msinitazame hivyo), hilo ni somo gumu.

Dublin walipokuwa wakiamua kumtuma Edel Afrika palikuwa na ubishi, na mimi nawaelewa waliokataa. Unamtumaje mgonjwa wa kifua kwenda kuzunguka nchi za joto na malaria, peke yake, bila hospitali karibu? Leo tungesema ni kumtupa mtu. Hata nikimpenda Edel bado nadhani swali hilo halikupata jibu zuri. Yeye mwenyewe alikuwapo, akajitetea kwamba anajua anachoingia. Frank Duff akasimama upande wake, na ikapita. Tarehe 24 Oktoba 1936 akapanda meli.

Wakati huo hakukuwa na jimbo la Mombasa. Jimbo letu lilianzishwa mwaka 1955, likawa jimbo kuu 1990. Mwaka 1936 pwani yetu pamoja na Nairobi zilikuwa chini ya Vikarieti ya Zanzibar, chini ya Askofu John Heffernan wa shirika la Roho Mtakatifu, naye akampa ruhusa aanze kazi. Edel akapanda treni kwenda Nairobi, akaweka makao huko, akaanza kubisha milango ya misheni.

Fikiria Kenya ya wakati ule. Mzungu ana behewa lake, Mhindi lake, Mwafrika lake. Mwafrika mwanamume anavaa kipande shingoni. Hata kanisani watu walijua pa kukaa. Na baadhi ya wamisionari walimwambia wazi kwamba Waafrika hawajawa tayari kwa jambo kama hili, hawajui kusoma, watawezaje kuweka kumbukumbu na kutoa ripoti? Edel hakupoteza muda kubishana. Aliomba kila mahali ruhusa ya kujaribu kundi moja tu. Asiyejua kuandika alitoa ripoti kwa mdomo, na mwenye kujua aliandika. Sala zikatafsiriwa kwa lugha za watu. Na katika mpango wa Lejio, viongozi wa kila kundi wanatakiwa kukutana katika baraza linaloitwa kuria. Kwa hivyo kundi la Wazungu, la Wagoa na la Waafrika yangeweza kuwa mbalimbali kwa wiki nzima, lakini siku ya kuria viongozi wao walikaa chumba kimoja, wakasikiliza ripoti za wenzao. Mwaka 1937, Nairobi! Hakuna aliyetoa hotuba ya kupinga ubaguzi. Ilikuwa ni ajenda ya mkutano tu, kipengele baada ya kipengele.

Sitaki nimpambe kupita kiasi. Edel alikuja ndani ya dola ya kikoloni, kwa pasi yake, kwa barabara zake, na ngozi yake ilimfungulia milango ambayo katekista Mwafrika angebisha mpaka vidole vitoke damu. Hao makatekista, waliotembea maili kwa maili kufundisha kabla yake na baada yake, majina ya wengi wao hayako kwenye kitabu chochote. Nikisema yeye ni mfano wa mlei, nasema nikijua kwamba yeye ndiye tuliyeandikiwa habari zake. Wao hawakuandikwa.

Lakini kazi aliifanya. Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar, kisha Mauritius mwaka 1940, kisha Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Huku kwetu alizunguka na kigari chake kikuukuu, akakiita Rolls Royce kwa utani, na kwa muda aliendeshwa na dereva Mwislamu. Hapo nilitabasamu. Ni jambo la pwani kabisa hilo, Mkatoliki anayeeneza Lejio ya Maria na gari liko mikononi mwa Mwislamu. Barabara za mvua, matope, gari limezama, padre aliyeahidi kumpokea hayupo, kesho yake mkutano uko pale pale. Akaacha nyuma yake mamia ya makundi, yaani presidia, na barua juu ya barua, kwa sababu kila kundi alilolianzisha aliendelea kuliandikia.

Mwaka 1941 mwili ulikataa. Akapelekwa Afrika Kusini kutibiwa, akalala huko muda mrefu, na watu wakadhani ndio mwisho. Mapema mwaka 1943 akarudi Nairobi. Akaanza tena, polepole, kwa barua zaidi kuliko kwa safari. Tarehe 12 Mei 1944 alifariki Nairobi, katika nyumba ya masista, akiwa na miaka 36. Akazikwa huko huko, kwenye makaburi ya wamisionari, yeye ambaye hakuwa na nadhiri za shirika lolote. Tarehe 15 Desemba 1994 Papa Yohane Paulo II alitangaza kwamba aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa. Bado hajatangazwa Mwenye Heri.

Kuna uzi mmoja nataka muuone. Aliyeandika kitabu cha maisha yake, miaka ya 1950, ni Leo Suenens wa Ubelgiji, ambaye baadaye akawa kardinali na mmoja wa waratibu wanne wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Frank Duff naye alialikwa kwenye mtaguso huo mwaka 1965 kama mlei mtazamaji. Na mtaguso ndio uliosema, katika hati ya Novemba 1964 kuhusu Kanisa, kwamba kila mbatizwa ameitwa kwenye utakatifu, si kundi fulani. Mwaka uliofuata, Novemba 1965, ikatoka hati nzima juu ya utume wa walei. Sisemi Edel ndiye aliyeileta hati, hiyo itakuwa chumvi. Nasema mtu aliyekaa na barua zake, akaandika maisha yake, ndiye aliyekuwa pale mbele maneno yale yalipokuwa yakijadiliwa. Na miaka ya 1970 maaskofu wetu wa Afrika Mashariki walipoamua kwamba Kanisa lisimame juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo, walikuwa wanalikabidhi kwa watu wanaokaa sebuleni kwa mama fulani, juu ya mkeka, Biblia mkononi, na mtoto analia. Kwa hivyo yule mama aliyeniuliza kama nina wito, yeye ni mwenyekiti wa Jumuiya! Anazika, anapatanisha wanandoa, anajua nani hajala. Hajawahi kuliita hilo wito. Anasema tu "nasaidia kidogo."

Jambo moja dogo kabla sijasahau, kwa sababu watu huchanganya. Lejio ya Maria hii si lile kanisa la Legio Maria mnalolijua kwa makanzu ya rangi. Lile lilianza mwaka 1963 kule Nyanza, na Simeo Ondeto pamoja na Gaudencia Aoko, likajitenga na Kanisa Katoliki na kuondoka na maelfu, hasa Waluo. Lakini jina walilibeba kutoka huku. Gaudencia wakati ule alikuwa na miaka ishirini hivi, yaani rika langu. Mimi simo huko na sitaki kuingia. Ila nikisoma habari zake naona mlei mwenye moto ambaye hakuona mahali pa kuuweka ndani ya nyumba aliyozaliwa. Kama tunawaambia vijana kwamba bila seminari huna wito, tusishangae moto ukienda kuwaka kwingine.

Sasa turudi majuzi, na turudi kwenye mizigo, maana mji wetu unakula kwa mizigo.

Mwaka 1981, tarehe 13 Juni, alizaliwa Goma kijana aitwaye Floribert Bwana Chui. Mswahili wa Kongo Mashariki, jina lenyewe mnalisikia. Akasomea sheria, na akiwa mwanafunzi akajiunga na Jumuiya ya Sant'Egidio, ambayo nayo ni ya walei, ilianzishwa Roma mwaka 1968 na mwanafunzi wa sekondari, Andrea Riccardi. Goma Floribert alikuwa akiwafundisha watoto wa mitaani katika shule waliyoiita Shule ya Amani. Alikuwa na mchumba, alipanga kuoa. Akapata kazi kwenye ofisi ya serikali ya Kongo inayokagua bidhaa zinazovuka mpaka. Kazi yake ilikuwa kuamua chakula hiki ni kizima au kimeoza.

Wadau, hiyo kazi si mnaijua? Nusu ya niliosoma nao wako kwenye kutoa mizigo, ukaguzi, malori, makaratasi. Na mnajua lugha ya "chai" inavyozungumzwa, hakuna anayeitaja kwa jina. Floribert aliletewa pesa apitishe chakula kilichoharibika. Akakataa. Wakaongeza, akakataa, na mzigo ukaharibiwa. Alimwuliza sista mmoja ambaye ni daktari juu ya madhara ya chakula kama kile kwa watu. Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa, na baada ya siku mbili mwili wake ukapatikana. Miaka 26. Papa Fransisko aliwatajia vijana wa Kongo jina lake pale Kinshasa, Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 akatangazwa Mwenye Heri huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta.

Najua nilisema mashahidi wana shida, na sasa nimewaletea shahidi mwingine. Lakini angalia maisha yake yalikuwa nini kabla ya wiki ile ya mwisho. Fomu, muhuri, sampuli ya chakula, watoto wa mitaani siku za mapumziko. Angestaafu na miaka 60 bila mtu kumtishia, bado ule ungekuwa wito wake, na sisi tusingemjua. Hapo ndipo yeye na Edel wanakaa meza moja kwangu, ingawa mmoja alikufa kitandani na mwingine akauawa. Wote wawili kazi yao ilikuwa ya makaratasi! Ripoti, barua, muhuri. Wanaonitumia ujumbe kila siku, "nisaidie nijue Mungu ananiita wapi," wengi wanasubiri ndoto au sauti. Nami nilikuwa nasubiri. Nilidhani nikishajua wito wangu ndipo nitaanza kuishi, kumbe Edel alikuwa katikati ya wito wake akidhani yuko kwenye foleni.

Sijafunga mlango wa seminari, mnielewe. Kama ni wako, nenda, tunahitaji mapadre na parokia zetu za bara hii ni kubwa mno kwa waliopo. Kuna rafiki yangu yuko huko na ana furaha kuliko sisi wote. Ninachokataa ni ile hesabu ya kwamba aliyebaki nje amebaki bila kitu. Na kuna upande mwingine unaoniogopesha mimi zaidi, kwamba mlei akikubali kuwa hana wito, anapata pia kisingizio. Kazi ya Mungu ni ya padre, mimi naangalia tu. Nimekula kisingizio hicho miaka mitatu sasa, kitamu kweli.

Jumapili iliyofuata nilimtafuta yule mama. Nikamweleza habari za Edel kwa ufupi, pale nje, watu wanapita na viti. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Huyo mama wa Lejio namjua, tunaomba atangazwe. Wewe hukujua sisi tuna mkutano kila Jumanne?" Sikujua. Miaka yote hiyo, chumba cha nyuma, mlango wa tatu, nilidhani ni stoo.

Kwa hivyo niko kwenye majaribio, maana Lejio kuna miezi mitatu ya majaribio kabla ya kutoa ahadi. Jumamosi saa tisa nimepangiwa kumtembelea mzee mmoja aliyepooza, ng'ambo ya soko, pamoja na baba mmoja fundi seremala ambaye sijawahi kuongea naye zaidi ya salamu. Simu nimeambiwa niache mfukoni. Jumanne natoa ripoti yangu ya kwanza, na katibu amenionya mapema kwamba isizidi dakika tatu.